Akiba Inaoza

Wahenga wanasema akiba haiozi. Nina hakika aliyeitunga methali hiyo hakuwahi kukaa Tukuyu mwezi wa nne.

Mimi nimezaliwa huko. Mwaka 2018 niliacha masanduku mawili ya vitambaa vyangu vya kushonea mablanketi chini ya kitanda cha mama, nikarudi Mbeya kazini. Niliyaacha huku nikijipongeza: kila rangi kwenye mfuko wake wa rambo, mfuko umepigwa fundo, na juu ya fundo nimefunga kamba. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na mwaka ule naona zote zilinyesha mimi nikiwa sipo. Niliporudi mwezi wa sita na kufungua fundo la kwanza, harufu ilitangulia. Kisha nikaviona vidoa vyeusi vidogovidogo, kama mtu amenyunyizia pilipili manga, vimeanzia kwenye mikunjo vikatambaa hadi ukingoni. Wala maji hayakuingia popote. Unyevu niliufungia humo mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, nikaufunga na kamba.

Mama alichungulia begani kwangu. "Si ungewapa watu wakavaa," akasema, akarudi jikoni kwenye ndizi zake.

Ninashona mablanketi ya viraka. Kamusi zina neno mfarishi, na ni neno zuri tu, ila nikilitaja pale sokoni Mwanjelwa watu hudhani naulizia samaki wa Kyela. Kazi yenyewe ni hivi: juu ni vipande vya vitambaa vilivyoungwa vikatoa sura, katikati ni blanketi kuukuu lililokwisha kazi yake, chini ni shuka. Yote matatu yanashonwa pamoja, sindano ikipenya hadi chini, ili la katikati lisihame. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa sita na wa saba hakuna anayeuliza blanketi zito la nini. Watu wa Makete ndio usiseme, wao kuna asubuhi wanaamka majani yamekuwa meupe kwa umande ulioganda.

Kushona hakujawahi kunisumbua. Kinachonisumbua ni kabati. Ukishaingia kwenye viraka macho yako yanaharibika: unampa mtu pole msibani huku unapiga hesabu gauni lake lingetoa vipande vingapi. Kwa miaka minne ya mwanzo nilinunua kila nilichokipenda, na nilichokipenda ni vitenge. Vitenge vya ndege, vya feni, vya maua makubwa kama sahani, vya rangi ya machungwa inayokuita ukiwa bado ndani ya daladala. Kabati likajaa. Siku nilipoamua kushona blanketi kubwa la kitanda cha futi tano kwa sita, nikatandaza vipande vyote kwenye mkeka, nikarudi nyuma hatua tatu kutazama. Sikuona kitu. Yaani niliona kelele tu, kama stendi ya Kabwe saa kumi na mbili jioni, kila konda anaita gari lake.

Binti yangu alikuwa kidato cha pili wakati huo. Akapiga picha kwa simu, akaiondoa rangi ikabaki nyeusi na nyeupe, akanionyesha. "Mama, angalia. Kama uji wa ulezi."

Alikuwa amesema kweli. Rangi zilikuwa kumi na tano lakini uzito wao wa mwanga ulikuwa mmoja. Nyekundu, kijani na bluu zangu zote, ukiziondolea rangi, zinakuwa kijivu kilekile. Nyota haionekani kwenye anga ya kijivu, ikiwa nayo ni ya kijivu. Mchoro wa blanketi haubebwi na rangi, unabebwa na tofauti ya mweupe, mweusi na wa katikati. Tangu siku ile sinunui kitambaa bila kukipiga picha ya namna hiyo hapohapo sokoni, na wauzaji wamezoea kunicheka.

Kwa hiyo nilikuwa na kabati lililojaa na bado sikuwa na kitambaa. Nilikosa vile vinyamavu: cheupe kilichopoa, kijivu, rangi ya mchanga, bluu iliyofifia, mistari myembamba, vidoti vidogo ambavyo ukiwa mbali huvioni. Vitambaa ambavyo hakuna mtu anavitamani. Ndiyo maana vilikuwa vigumu kupata: dukani hawaviweki mbele.

Nilivipata kwenye mitumba, kwenye mashati ya wanaume.

Shati la kiume la ofisini lenye mikono mirefu ni ghala. Mgongo wa shati kubwa unatoa miraba minne ya inchi kumi na nusu, vifua viwili vinatoa mingine, mikono ukiifumua na kuipiga pasi inatoa vipande virefu vya kuzungushia pembeni. Rangi zake ni zilezile za watu wasiotaka kuonekana. Na mashati ya bei ya kutupa ni yale yaliyoliwa kola, sasa mimi kola ya nini? Nikaenda pale soko la Sido siku robota linafunguliwa, nikaanza kuchagua yenye kola mbovu.

"Dada, hilo limechanika kola," kijana akanitahadharisha, kwa wema kabisa.

"Ndiyo ninalolitaka."

Akanitazama. Akalitazama shati. "Hilo basi elfu tatu."

Dakika moja kabla alikuwa ananadi mia tano mia tano. Siku hizi nachukua moja zima na tisa mabovu, nalalamikia yale mabovu kwa sauti, na tunaelewana.

Kuna jambo moja sikubaliani na mtu: naweka pamba tupu. Kitambaa cha nailoni au polista ukikiunganisha na pamba kwenye blanketi moja, siku ya pasi kimoja kinataka moto na kingine kinayeyuka, na siku ya kufua kimoja kinarudi kidogo na kingine kinakataa, mshono unakunjamana kama uso wa mtu aliyekula limau. Lebo ikiwepo nasoma. Isipokuwepo, nachomoa nyuzi mbili tatu kutoka kwenye pindo la ndani, nazisogelea na kiberiti. Pamba inawaka kama karatasi, inanuka karatasi, na jivu lake ukiligusa linasagika. Polista inajikunja, inatoa moshi mweusi, halafu inabaki shanga ngumu. Uzi unaowaka kama karatasi lakini ukaacha shanga ni mchanganyiko, huo naurudisha kwenye rundo. Mara ya kwanza kufanya hivyo mwenye meza aliniita mchawi, akasogeza mzigo wake mbali. Sasa hunipa kiberiti mwenyewe.

Chanzo changu cha pili ni fundi wa barazani kwetu. Anashona magauni ya harusi na sare za kwaya, na chini ya cherehani yake kuna kiroba cha mabaki ambacho zamani kilikuwa kinaishia kuwashia jiko. Tulikubaliana kwa parachichi: mimi namletea za nyumbani, yeye ananiwekea kiroba. Kila Jumamosi namwaga sakafuni nachambua. Satini, lesi, bitana, sponji za mabega, vyote hivyo kwangu havina kazi. Kinachobaki ni kama theluthi. Na hiyo theluthi ni vipande vya pembe tatu vya makwapa na mikia mirefu ya marinda, sura ambazo hakuna anayezinunua. Sheria yangu ni kiganja. Kipande kisichofunika kiganja changu hakiingii kabatini. Vilivyo vidogo zaidi nasokota navyo ngata za kubebea ndoo, na majirani wanajua pa kuzifuata.

Sheria hiyo niliipata kwa kuumia. Kuna mwaka nilitunza mpaka vipande vya upana wa kidole, nikavijaza ndoo tatu, nikiamini siku moja nitavishona. Hakuna siku moja. Nilikuja kugundua nilikuwa natunza huruma, kitambaa kilishakwisha zamani.

Vitenge sijaacha, msinielewe vibaya. Tunduma ni kilomita 100 hivi kwa basi, na pale mpakani vitenge vinaingia kutoka upande wa Zambia vya kila aina. Nimejifunza tu kwenda na hesabu mfukoni. Blanketi la kuning'inia vizuri kwenye kitanda cha tano kwa sita nalifanya inchi 80 kwa 90. Mraba wangu ukishashonwa ni inchi kumi, kwa hiyo ni minane kwa tisa, jumla 72. Kitenge chenye upana wa inchi 45 kinatoa miraba minne kwa upana, na yadi moja inatoa mistari mitatu, yaani miraba 12. Yadi sita, miraba 72. Blanketi zima! Sasa fikiria mtu aliyekuwa na vitenge vya yadi sita kumi na tisa kabatini, na anashona mablanketi mawili kwa mwaka, na kila blanketi linataka vitambaa ishirini tofauti kidogokidogo. Mtu huyo ni mimi. Siku hizi kitenge nachukua yadi moja, nikimpata mwenzangu wa kugawana naye, na kama muuzaji hakati basi namwachia, hata kiwe kizuri vipi. Karibu kila mara.

Nageuza pia upande wa nyuma. Kitenge kizuri cha nta huwezi kujua uso wake ni upi, rangi imepenya. Cha bei rahisi mgongo wake ni mweupe, na kikishafuliwa mara tano uso nao unaufuata mgongo.

Khanga ni habari nyingine. Khanga ina vipimo vyake, sentimita 150 kwa 110 hivi, ina pindo, ina mji wake katikati, ina jina, yaani ule msemo ulioandikwa, na mimi kila nikiishikia mkasi nasikia kama nakata barua ya mtu. Ya kwanza niliikata bila kufikiri. Ilikuwa na "Mgeni njoo mwenyeji apone". Nikaja kushtuka blanketi limekwisha, katikati kuna mraba umeandikwa "geni njoo mwe", na mwingine pembeni unasema "ji apo". Wageni walikaa wakilisoma wakicheka mpaka chai ikapoa. Sasa jina nalikata zima, kipande kirefu, nalitia ukingoni upande wa kichwani. Mashairi ya kulalia. Na bado inanifariji kwamba inasimuliwa khanga yenyewe ilizaliwa kwa kuungwa: wanawake wa pwani, karne ya 19, walinunua leso za mkononi zilizoletwa na Wareno, wakashona sita pamoja, tatu juu na tatu chini, ikawa nguo moja. Neno leso lenyewe ni la Kireno. Kwa hiyo anayeniambia viraka ni mambo ya kimasikini, namwonyesha khanga aliyojifunga.

Kitambaa changu kinyamavu kuliko vyote ni marikani, ile pamba isiyopaukwa, yenye vijichembe vya kahawia. Bibi yangu mzaa baba, wa kule Mbozi, aliita marikani kitambaa chochote cheupe, hata shuka la hospitali. Jina lilitoka kwa wafanyabiashara wa Marekani waliokuwa wakikileta Zanzibar kutoka viwanda vya Massachusetts, katika karne hiyohiyo ya 19. Huwa sikosi yadi tano. Kila kinachopiga kelele, kikae na marikani, kinashusha sauti.

Na marikani ndiyo shahidi wangu wa kufulia. Hapa niseme kilichonipata. Wifi yangu alijifungua, nikamshonea mtoto blanketi jekundu na jeupe, kazi ya miezi miwili, kila mshono robo inchi bila kuyumba. Alipolifua mara ya kwanza lilirudi lote rangi ya juisi ya rozela. Hakuniambia. Niliona mwenyewe kwenye kamba, nikapita kama sijaona, naye akakaa kama hajui nimeona, na hatujawahi kuliongelea mpaka leo. Tangu hapo hakuna kitambaa kinachoingia kabatini hakijafuliwa. Nakiloweka maji baridi na kipande cha marikani ndani. Marikani ikitoka na rangi, namwaga, narudia. Nyekundu na bluu nzito nimewahi kurudia mara saba. Majirani wanaapia chumvi. Nimeijaribu, rangi ikatoka vilevile, ila na chumvi. Ikigoma kabisa, kitambaa kinakwenda kuwa mfuko wa sokoni. Kufua kuna faida nyingine: kunaondoa ule wanga wa dukani unaofanya kitenge kipya kisimame chenyewe. Mende wanaupenda wanga huo kama sisi tunavyoupenda wali wa Kyela.

Kuhusu kutunza sina mengi. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, watu walilalamika, mimi nilishukuru kwa sababu zangu binafsi. Vitambaa sasa vinakaa kwenye rafu wazi, vimezungushiwa kwenye vipande vya maboksi vya ukubwa mmoja, vimesimama kama vitabu, mbele kuna pazia. Pazia ni la jua. Dirisha langu linatazama mlima Loleza, mchana jua linaingia lote, na kitambaa kilichokunjwa kikichomwa na jua kinapauka kwenye mkunjo tu, mstari mweupe ambao hauondoki. Mwezi wa saba, hewa ikiwa kavu na baridi, natoa vyote, nakung'uta, nakunja upya kwa mkunjo mwingine. Kazi ya siku nzima, na ndiyo siku ninayokutana na vitambaa nilivyosahau kama ninavyo. Mwaka jana nilikuta kitenge kimoja cha pundamilia mara tatu. Nilikuwa nimekinunua mara tatu, kila mara nikijiambia sina kitu kama hiki.

Hapo ndipo nikaanza daftari. Wazo si langu, ni la bibi huyohuyo wa Mbozi. Bibi hakujua kusoma, lakini kihenge chake alikijua kama mtu anavyojua meno yake. Mahindi ya mbegu hayakukaa kihengeni kabisa, yalining'inia juu ya moshi wa jikoni na hata njaa iwe vipi hayaguswi. Ya kula yalikuwa kihengeni, na ya zamani yaliliwa kwanza, mapya yakitiwa yanasubiri; mtoto akichota ya juu kwa uvivu, anayarudisha. Ya kutoa, kwa msiba au ndugu aliyekwama, yalikuwa na gunia lake. Na alisema mahindi ya mwaka wa tatu si chakula tena, ni ya dumuzi.

Nikafanya hivyohivyo. Kwenye kaunta buku langu kila kitambaa kina kipande kidogo kimebandikwa, tarehe kilipoingia, na yadi zilizobaki. Kikifika mwaka wa tatu hakijakatwa, kinatoka: nashona au natoa. Mabinti wawili wa kanisani walioanza viraka mwaka juzi wamejengwa na gunia hilo la kutoa, na mmoja sasa ananizidi mkono. Mbegu ni marikani, nyeusi, na bluu moja iliyofifia, hizo zikipungua ndipo naenda sokoni. Kitambaa kipya hakiingii mpaka cha zamani kitoke. Nimeivunja sheria hii mara nne. Zote Tunduma.

Lakini daftari lilikuwa na kitu ambacho sikukiandika. Marehemu baba alikuwa fundi wa reli ya TAZARA, na nilipomaliza matanga niliondoka na ovaroli zake mbili za bluu, zilizopaukia magotini na mabegani. Nilizitia chini kabisa ya rafu ya mwisho, ndani ya foronya. Mwaka wa tatu ukapita, wa tano, wa saba. Kila mwezi wa saba nilizitoa foronya nzima, nikaikung'uta kwa nje, nikairudisha.

Kule Alabama, Marekani, kuna kijiji kinaitwa Gee's Bend, kina mama wake wameshona mablanketi ya viraka kwa vizazi, na mwaka 2002 kazi zao zilitundikwa kwenye majumba ya sanaa ya Houston na New York. Usiku mmoja nilikuwa nazitazama kwenye simu. Moja lilishonwa na mwanamke anaitwa Missouri Pettway mwaka 1942, kwa nguo za kazi za mumewe aliyekuwa amefariki. Bluu zilizopauka magotini. Nikazima simu.

Mama alikuja Mbeya mwezi wa saba uliopita, akanikuta nimetandaza kila kitu sebuleni. Kabla sijawahi kumzuia, mkono wake ulikuwa umeshaingia kwenye foronya. Alizitoa zote mbili, akazinusa, akazilaza mapajani.

"Hizi unazitunzia nini?"

"Nitashona blanketi."

"La nani?"

Nikakosa jibu. Akaomba wembe. Akakaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, akaanza kufumua mshono wa pembeni wa ile ya kwanza, uzi kwa uzi, haraka kuliko mimi. Mifuko aliibandua nzima na kuiweka kando. Kila alipofika kwenye kifungo alikikata, akakiangusha kwenye kikombe cha chai kilichokuwa kitupu, nikawa nasikia tu, ka, ka. Ovaroli ya kwanza ilipokuwa imekuwa vitambaa vitupu, akakiinamisha kikombe kiganjani, akahesabu.

"Saba," akasema. "Cha nane kiko wapi? Nilikishona mimi."